Amon wa Jioni

Ipole, 14 Oktoba 2024

Mwanangu Elieth,

Mwangaluka. Huku kumekucha vizuri, kuku wameshafunguliwa, na mama yako Ng'washi ameshagombana na jirani mara moja, kwa hiyo ujue tu wazima. Wewe hujambo? Na huyo mgeni uliyembeba tumboni anacheza? Mkwe wangu Damas msalimu sana. Mwambie ule mchele wa Bukene aliotutumia ulikuwa mtamu, na uliisha. Sisemi zaidi.

Nimesikia unalalamika kwa mama yako kwamba nakukimbia kwenye simu. Ni kweli nakukimbia. Wewe unapiga jioni ukishatoka kufundisha, na jioni sauti yangu siku hizi inapitia puani na maneno yanatoka yamelowa. Mara ya mwisho uliniuliza, "Baba, umekunywa?" Mimi! Mzee wa kanisa, mwimba besi, mtu aliyerina asali tangu ujana na hajawahi kuonja pombe yake ya wanzuki hata ya kulamba kidole! Niliumia, mwanangu. Basi nimeamua kukuandikia, na nitaandika asubuhi, maana asubuhi mkono una nguvu. Barua nampa konda wa basi litokalo Mpanda, anamwachia baba yako mdogo Mhoja pale Tabora mjini, naye anaipandisha treni ije huko.

Ugonjwa wenyewe siujui jina. Jua likianza kushuka, kope nazo zinashuka, hasa ya kushoto. Nyama naanza kuitafuna vizuri, katikati taya linagoma nabaki nimeishika mdomoni. Nikiinua mikono kufungua mzinga, inarudi chini yenyewe bila ruhusa yangu. Nikilala, kesho nimeamka kijana.

Zahanati walisema malaria, nikameza dozi. Haikusaidia, wakasema taifodi. Mara ya tatu nikaambiwa UTI. Nikamuuliza yule kijana, UTI ndiyo inayofunga jicho? Akanijibu, "Mzee, UTI ya siku hizi haitabiriki." Kuna mwingine aliniandikia miwani. Nimeinunua, na sasa naziona vizuri sana kope zangu zikianguka.

Shangazi yako alitaka tuende kwa mganga. Mama yako akamwambia mganga atakayemleta atatoka hapa na mwiko mgongoni. Suala hilo likaishia hapo.

Kula vizuri. Usibebe ndoo.

Ni mimi baba yako,
Amon Lugembe


Bukene, 27 Oktoba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Sisi hatujambo. Mgeni anacheza mpaka usiku silali, naona karithi miguu ya babu yake ya kupanda miti. Damas amecheka hilo la mchele mpaka akakohoa. Gunia linakuja, basi usilitangaze kijiji kizima.

Baba, naomba radhi kwa lile swali. Lilinitoka. Nilishtuka tu, maana sauti ile haikuwa yako kabisa.

Ila nina hasira, na niache niseme. Malaria, taifodi, UTI, miwani! Hivi wanakupima au wanabahatisha? Mtu anasema jicho linafunga, unampima mkojo! Ningekuwa na uwezo ningepanda treni leo, lakini nesi wa kliniki amenikataza safari mpaka nijifungue, presha yangu inapanda panda. Kwa hiyo nimekaa hapa nagombeza ukuta.

Nakuomba nenda hospitali mjini Tabora, Baba. Usiniambie asali, usiniambie kwaya. Nani atamwimbia mjukuu wako ule wimbo wa nyuki? Unaukumbuka? Ulikuwa unarudi kutoka porini jioni, unanuka moshi, Mama anakwambia kaoge kwanza, wewe unakaa kitandani kwangu na moshi wako unaimba:

Nyuki rudini, jua limezama,
mtoto wetu yuko kwa mama.

Mimi siwezi kuuimba, najua wewe utasema nauharibu. Nataka mtoto wangu ausikie kwa sauti yako, na ausikie jioni, kama mimi. Hiyo ndiyo zawadi ninayoitaka. Kuku na vitenge acheni.

Mwanao,
Elieth


Ipole, 3 Desemba 2024

Mwanangu Elieth,

Mwangaluka. Tunaendelea. Mvua imeanza, nyuki wamenuna, mama yako naye amenuna, nami nipo katikati yao. Presha yako inaendaje? Usigombeze ukuta, ukuta haukukosa.

Tumekwenda mjini kama ulivyoamuru. Mama yako unamjua: kwake mgonjwa anapelekwa kwa daktari akiwa nadhifu, watu wasije wakadhani ametelekezwa. Tulitangulia siku moja, tukalala kwa Mhoja, mama yako akanilaza mapema kama mtoto. Asubuhi akaninyoa ndevu, akanipaka mafuta, nikavaa suti niliyovaa siku ya harusi yako, nikanywa uji wa ulezi bakuli zima. Saa mbili tuko mbele ya daktari. Akasema inua mikono, nikainua. Akasema fumba macho, fumbua, nikafumbua mpaka yeye akapepesa. Akasema sema kitu, nikamsalimia kwa besi, dirisha likatetemeka. Akacheka. "Mzee, uko fiti kuliko mimi. Hayo ni mawazo tu, au umri."

Mama yako akamwambia, "Daktari, jioni huyu mtu si huyu." Daktari akasema sisi wote jioni tunachoka, mama. Halafu, kwa tahadhari, akatuandikia tena vidonge vya taifodi. Tulipotoka nje mama yako alikaa kwenye benchi akalia. Mimi sikujua nimshike mkono au nimshikie begi. Nilishika vyote viwili.

Na kuna lingine la aibu. Mazoezi ya kwaya tunafanya jioni, unajua. Ubeti wa kwanza naimba, wa pili nasuasua, wa tatu napiga filimbi ya pua. Wiki iliyopita mwalimu wa kwaya, Anton, alinisogelea kama anataka kuninong'oneza jambo, kumbe ananusa mdomo wangu! Mbele ya akina mama wa soprano! Hakukuta kitu, lakini akasema, "Mzee Amon, pumzika kwanza, mpaka mambo yako yakae sawa." Mambo yangu yapi? Nimerudi nyumbani peke yangu na kitabu cha nyimbo kwapani. Sasa Jumapili nakaa na washarika wa kawaida, kila mtu ananitupia jicho.

Aliyenichekesha ni mtani wangu Najiat, yule Mzaramo mwenye duka lenye friji, anayeuza barafu za ubuyu. Alikuja kunijulia hali, akasimama mlangoni: "Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wewe kope tu zimekushinda?" Nikamjibu babu zake walikaa kivulini wakitungoja watuuzie maji. Akasema amekuja kufanya mazoezi ya matanga yangu, maana siku nitakayokufa yeye ndiye atakayeniigiza mbele ya waombolezaji, na hataki kukosea.

Akavaa kofia yangu. Akaanza na Amon wa asubuhi: kifua mbele, anasalimia mpaka mbuzi, anaimba. Halafu Amon wa jioni. Elieth, ungemwona! Kope moja chini, kichwa kimeinuliwa ili achungulie kwa chini yake, kidevu amekishika kwa kiganja kisidondoke, na anaita "Ng'washi" kwa puani. Hata kushika kidevu, mimi sikujua kwamba nakishika. Mama yako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, kisha hakucheka tena. Kukasirika siwezi, mtani hakasirikiwi. Lakini usingizi haukuja upesi.

Baba yako,
Amon


Bukene, 12 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, miguu tu imevimba. Sitaki kupoteza wino kwa salamu nyingi, utanisamehe.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikamchukia daktari, mara ya pili nikamchukia Anton (kunusa watu! kanisani!), mara ya tatu nikamsoma Najiat vizuri. Baba, huyo mama amewaonyesha ugonjwa. Wewe ni watu wawili, na madaktari wote wamekutana na yule mmoja tu! Zahanati unakwenda asubuhi. Mjini ulikwenda asubuhi, umelala, umekula, umepakwa mafuta. Mama anampeleka hospitali Amon wa asubuhi, na Amon wa jioni, ambaye ndiye mgonjwa, anamwacha nyumbani!

Sasa sikiliza, na umsomee Mama kwa sauti. Mpelekeni yule wa jioni. Usilale kwa Baba mdogo. Usinyolewe. Panda basi la mchana, na njia nzima uimbe, besi ya nguvu, mpaka iishe. Baba mdogo Mhoja nimemwandikia, atafute daktari anayeona wagonjwa alasiri. Na mumchukue Najiat. Wewe utaona haya kusema, Mama atakupamba, lakini mtani hana haya. Mficha uchi hazai, na mimi ninayekaribia kuzaa ndiye ninayekuambia.

Mama asikasirike. Mwambie nampenda na suti ni nzuri.

Mwanao,
Elieth


Bukene, 9 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Naandika tena kabla hujajibu ile ya Desemba. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, konda gani huyo anayekula barua? Nikimpigia Mama anasema "tupo tu." Mimi hiyo "tupo tu" ya Mama naijua. Alisema hivyo hivyo bibi alipokuwa anaumwa. Baba mdogo naye nikimuuliza anaanza kunisimulia bei ya mahindi.

Naogopa, Baba. Nasema wazi. Usiku naweka mkono tumboni namwambia mtoto, babu yako anakuja, na sijui kama namdanganya. Kama mkono hauwezi kuandika, chora hata mstari mmoja kwenye karatasi umpe konda. Nitajua ni wako.

Elieth


Ipole, 26 Januari 2025

Mwanangu Elieth,

Mwangaluka, mwangaluka, mwangaluka! Mstari uliouomba huu hapa, na mingine mingi nyuma yake. Nipo, nakula, nasimama. Tulia, ukae chini, weka miguu juu, ndipo usome.

Mama yako alikuficha kwa sababu ya presha yako, usimgombeze. Vile vidonge vya taifodi nilivimeza, na kadiri nilivyomeza ndivyo nilivyolegea. Siku ya Krismasi kipande cha nyama kilinikaba. Sikuweza kumeza wala kutema. Mhoja alikuwa amekuja kula sikukuu, yeye ndiye aliyenipiga mgongoni mpaka kikatoka. Baada ya hapo hata uji ulirudi puani. Niliogopa kifo, mwanangu, nakwambia kweli. Nilikaa nikihesabu mizinga yangu nani nimwachie.

Mama yako alikuwa ameukataa mpango wako. "Nimpeleke mume wangu ananuka jasho, watu waseme nini?" Baada ya nyama ile hakukataa tena. Vidonge akavitupa chooni, na nilipoviacha nikapata nafuu kidogo. Siku tuliyopanga, basi lilipofika tulipanda sote watatu, Najiat na chupa yake kubwa ya barafu, maana alisema hawezi kwenda mjini mikono mitupu, atauza.

Nikaimba. Toka Ipole nimeshika chuma cha kiti naimba. Mwanzo abiria walidhani ni mhubiri, wakaanza kutafuta sadaka. Tulipofika Sikonge walikuwa wanapiga makofi na kuomba nyimbo. Sauti ikaanza kukimbia, Najiat anapiga kelele, "Ongeza, Mnyamwezi, Bagamoyo bado!" Akanipa bigijii nitafune ili na taya lichoke. Mama yako alifunika uso kwa khanga njia nzima. Tulipoingia mjini nilikuwa nimekwisha. Kope zote mbili chini, kidevu mkononi, shati limelowa.

Daktari aliyempata Mhoja ni mama wa makamo, Daktari Advera. Mama yako alianza kwa kuomba msamaha, "Daktari, kwa kawaida huyu ni msafi." Mimi nikajaribu kueleza, likatoka povu tupu. Basi Najiat akasimama katikati ya chumba cha daktari, akavaa kofia yangu. Akamfanya Amon wa asubuhi, daktari akacheka. Akamfanya Amon wa jioni, daktari akaacha kucheka. Akasema, "Mama, hebu rudia huyo wa pili."

Akanigeukia. "Mzee, angalia juu, usishushe macho." Nikaangalia dari, kope zikaja zenyewe kama pazia. Akaniambia nihesabu kwa sauti. Nilianza na besi, nikamalizia puani kabla sijafika mbali. Akauliza nimekunywa dawa gani. Aliposikia vile vidonge alitikisa kichwa, akasema kwa ugonjwa wangu dawa ya aina ile ni sumu. Kisha akauliza kama kuna barafu. Najiat akafungua chupa, akatoa moja ya ubuyu. Daktari akaifunga kwenye kitambaa akaniwekea kwenye jicho la kushoto. Tukakaa. Alipoitoa, Elieth, jicho lilikuwa wazi! Mama yako aliruka kutoka kwenye kiti. Najiat akasema, "Daktari, hiyo ni mia mbili." Daktari alimpa, akicheka, akasema ugonjwa huu hulegea kidogo kwa baridi, na hicho ndicho kipimo chake.

Jina nimeandikiwa kwenye karatasi, mayasthenia gravisi, refu kuliko treni ya Mwanza. Ni ugonjwa wa nadra, daktari amesema wenzake wengi huusoma darasani na hawakutani nao maisha yote. Nilivyoelewa mimi ni hivi: mwili una walinzi wake, kama nyuki wanaokaa mlangoni mwa mzinga. Wangu wamepotoka, wanawauma nyuki wenzao wanaorudi nyumbani na mzigo. Ubongo unatuma habari, "inua kope," habari inakufia mlangoni. Ukipumzika wachache wanapenya, ndiyo maana asubuhi mimi ni kijana. Tungechelewa, ugonjwa ungeshuka kifuani, nikashindwa hata kupumua.

Mama yako alimuuliza, "Kwa hiyo huyu hajifanyi?" Daktari akasema, "Mama, huyu anaumwa, na ameumwa siku nyingi." Nililia, mwanangu. Mbele ya Mzaramo nililia, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Mama yako naye akashika kichwa, "Yaani mimi nilikuwa namficha mgonjwa kwa sabuni!"

Walinilaza wodini kunitazama, damu ikapelekwa Dar kuthibitisha, majibu yamekuja yakasema ndiyo. Natumia vidonge mara kadhaa kwa siku, na vingine vya kuwatuliza walinzi. Kupona kabisa hajaniahidi. Ameahidi nitaishi vizuri nikifuata masharti. Siku ya kwanza nilimeza kimoja kabla ya kula, nikala ugali na nyama ya mbuzi mpaka mwisho, na mama yako anahesabu matonge kama karani wa tumbaku.

Jioni bado najaribu. Sauti haijakaa. Usipige kwanza.

Baba yako,
Amon


Bukene, 21 Februari 2025

Babu Amon,

Umeona nilivyokuita? Shikamoo Babu! Mjukuu wako amefika, msichana, mvua inanyesha mpaka paa linapiga ngoma, kwa hiyo jina halikututesa: Kabula, mtoto wa mvua. Nimejifungua salama, presha imeshuka. Ana mapafu, Baba. Akilia, mkuu wa stesheni anatoka nje kuangalia kama ni treni. Besi ya ukoo ipo.

Barua yako nilimsomea Damas, nikafika pale pa bigijii tukashindwa kuendelea. Pale pa wewe kulia niliimaliza peke yangu. Nilikuwa na hasira na madaktari wote wa nchi hii, sasa nimemtoa mmoja. Mwambie Daktari Advera kuna mtu Bukene anamwombea. Najiat nitamtumia kitenge, ingawa najua atasema kifupi.

Anton amekuja kukuomba radhi au bado? Kama bado, nitakuja mwenyewe kumnusa.

Sikuharakishi, Baba. Kabula ana muda. Ila jioni akisumbua namwimbia ule wimbo, na kwa kweli nauharibu. Jana alininyamazia akaniangalia kama mkaguzi wa shule.

Mwanao, na mama Kabula,
Elieth


Ipole, 16 Machi 2025, jioni

Mwanangu Elieth, mama Kabula,

Mwadila!

Umeona salamu? Ni ya jioni, hukuizoea kwangu. Jua linazama, nimekaa uani, nimemeza kidonge changu kwa wakati wake, na kalamu haijaniteleza. Mama yako amekaa pembeni ananichungulia kope, anajifanya anachambua mchele. Huo mchele tumepokea, na mkwe ametakata.

Anton amekuja. Alileta kuku na maneno mengi, nikampokea kuku. Akasema, "Mzee wangu, nilikukosea." Nikamwambia kweli ulinikosea, tena mbele ya soprano. Basi Jumapili iliyofuata alisimama yeye mwenyewe kanisani, akawaambia washarika Mzee Amon alikuwa anaumwa, na aliyemdhania vingine ni yeye, na anatubu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nimerudi kwenye safu ya besi. Naimba nimekaa, na tenzi ndefu naruka ubeti, hayo ndiyo makubaliano. Zipo jioni kope bado inashuka, siku hizo nanyamaza nalala. Mizinga ya juu anapanda Mhoja akija, mimi namwelekeza nikiwa chini na anakosea.

Mtani wangu amekasirika. Anasema mazoezi yote ya matanga yamekuwa kazi bure, na barafu yake ndiyo iliyomponza. Kitenge amesema kifupi, lakini amekivaa kwenda kila mahali.

Sasa nisikilize. Hii ni barua yangu ya mwisho kwako, siandiki tena labda simu ife. Nimeujaribu wimbo leo, hapa uani, jua likiwa hapo hapo lilipo sasa. Nimeuimba wote mpaka mwisho, kisha nikaurudia. Mama yako alisimama na ungo wake akasema, "Amon, huyo ni wewe."

Kesho saa moja jioni nitakupigia. Wewe usiseme kitu, usinisalimie, salamu tutapeana baadaye. Mwekee Kabula simu sikioni.

Babu yake,
Amon